Mkanda wa Pamba Uliosimamisha Ford T

Ford T, gari lililoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, lilikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Ya kushoto ilikuwa ya gia, ya kati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa chini ya usukani.

Pedali hiyo ya breki haikugusa gurudumu lolote. Ilikaza mkanda wa chuma uliozunguka dramu ndani ya gia boksi. Mkanda ukibana, shafti inayopeleka nguvu nyuma inazuiwa, na magurudumu ya nyuma yanazuiwa nayo. Ya mbele hayakuwa na breki kabisa. Watu wengi wa enzi hizo waliamini kwamba breki za mbele zingelipotosha gari njia, ilhali gari linapofunga breki uzito hulalia mbele, na tairi za mbele ndizo hushika barabara zaidi.

Ndani ya mkanda ule palipigiliwa utepe mnene wa pamba, ukalowa oili ileile ya injini. Hapo ndipo ugumu wa kuuseti ulipoanza. Ukilegea, mguu unafika sakafuni gari likiwa bado linakwenda. Ukikazwa kupita kiasi, unasugua dramu muda wote, pamba inaungua na kunyofoka, nyuzi zake zinasafiri na oili hadi kuziba bomba jembamba linalolainisha injini. Breki iliyosetiwa vibaya iliweza kuua injini! Kwa hiyo mwenye gari mwangalifu alifungua kifuniko cha gia boksi, akatandika kitambaa kwanza ili nati isitumbukie ndani, kisha akakaza kidogo kidogo na kujaribu pedali.

Mteremkoni palihitaji akili zaidi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kugeuzwa joto huongezeka mara nne, na pamba haikuhimili joto hilo kwa muda mrefu. Dereva aliyeijua kazi yake aliteremka kwa gia ndogo, injini ikimzuia, na mara nyingine aliikanyaga taratibu pedali ya kurudi nyuma ili mikanda miwili igawane mzigo.

Hatari kubwa ilikuwa mahali pengine. Shafti ikikatika, au meno ya difu yakiachana, pedali ilibaki haina cha kuzuia. Kilichosalia ni breki ya mkono, iliyovuta fito mbili hadi kwenye viatu vidogo vya chuma ndani ya magurudumu ya nyuma. Kwa miaka mingi viatu hivyo havikuwa na laini, yaani utepe wa kusugua: chuma kwa chuma. Naiona kinga hiyo kuwa dhaifu mno kwa gari lililobeba familia nzima. Tena, ufito mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, gari linavuta upande mmoja. Ilibidi kupiga jeki nyuma, kuvuta mkono, na kupima kwa kuzungusha kila gurudumu.

Watengenezaji wengine wa magari, Duesenberg, walikuwa wameanza kuuza magari yenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne mnamo 1921. Ford waliendelea na breki za kuvutwa hadi magari ya 1939. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba husukuma kwa shinikizo moja kila upande, hivyo kazi ya kulinganisha fito ikaisha. Kusogeza viatu kadiri laini inavyolika bado kulihitaji spana.