Sahihi za Makamanda wa Nyambizi: Wino Umebaki, Watu Wamezama

Wako watu wanaokusanya stempu, na wako wanaokusanya sarafu za kale. Lakini huko Ulaya na Marekani wamo pia wanaotafuta sahihi za makamanda wa nyambizi za Kijerumani waliotunukiwa Ritterkreuz, nishani ya msalaba iliyovaliwa shingoni. Kadi moja ndogo ya picha, iliyotiwa sahihi wakati wa vita, yaweza kugombewa mnadani.

Nishani hiyo ilianzishwa tarehe 1 Septemba, 1939, siku ile ile Ujerumani ilipoivamia Poland. Serikali ya Hitler ilitaka kila kijana awe na shujaa wa kumwiga. Kwa hiyo picha za makamanda zilichapishwa katika kadi za posta, na mmoja wa wachapishaji alikuwa Heinrich Hoffmann, mpiga picha wa Hitler mwenyewe. Watoto waliandika barua kuomba sahihi, na kadi ziliwarudia kwa posta.

Aliyekuwa wa kwanza kuipata nishani hiyo miongoni mwa makamanda wa nyambizi ni Günther Prien. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba, 1939, nyambizi yake, U-47, ilipenya bandari ya kijeshi ya Scapa Flow, huko Scotland, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Royal Oak. Walikufa watu zaidi ya 800, na zaidi ya 100 kati yao walikuwa vijana ambao hawajatimiza miaka 18.

Mwezi Machi, 1941, Prien alipotea katika Atlantiki pamoja na mabaharia wake wote. Tarehe 17 ya mwezi huo huo Joachim Schepke aliuawa, na Otto Kretschmer akatekwa. Kretschmer aliishi hadi 1998, hivyo aliweza kutia sahihi hata baada ya vita. Prien na Schepke hawakupata nafasi hiyo. Ndiyo sababu mkusanyaji huuliza kwanza: sahihi hii iliandikwa lini?

Walaghai nao hawalali. Sahihi ya Prien iliyoandikwa kwa bolpeni ni ya uongo, kwa kuwa kalamu hizo zilianza kuuzwa Ujerumani baada ya vita. Karatasi inayong'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno ina dawa ya kung'arisha iliyoenea baada ya vita. Tena ziko sahihi zilizopigwa chapa pamoja na picha. Ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, huoni wino ulionyweshwa karatasini wala alama ya mkandamizo wa kalamu.

Hata hivyo, swali zito zaidi halijibiwi kwa kioo. Sheria za Ujerumani zinazuia kuonyesha hadharani alama ya swastika iliyokuwamo katika nishani hizo, lakini haziwezi kumwambia mkusanyaji aheshimu nini. Kati ya Wajerumani wapatao 40,000 waliotumikia katika nyambizi, karibu 30,000 hawakurudi. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwaomba sahihi.

Basi anayeihifadhi kadi ya Prien na aikumbuke safari yake nzima. Upande mmoja alikuwako mtoto wa Kijerumani aliyeingoja posta kwa hamu. Upande wa pili, mvulana wa Kiingereza, pengine amemzidi miaka michache tu, aliyelala chini ya maji ya Scapa Flow. Vita havina macho. Sisi tunayo.