Trigonia

Trigonia ni jenasi ya moluska wa bahari waliokwisha, wenye magamba mawili kama chaza. Wanajulikana kwa visukuku tu. Jina lilitolewa na Mfaransa Bruguière mwaka 1789, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "pembe tatu".

Umbo na maisha

Gamba lilikuwa nene, lenye umbo la pembe tatu. Sehemu ya mbele ilikuwa na mbavu zilizopangwa vizuri, na sehemu ya nyuma ilikuwa na mapambo ya aina nyingine. Jamaa yake *Myophorella* alikuwa na safu za vinundu. Ndani, kwenye bawaba, kulikuwa na meno makubwa yenye mifereji yaliyoshikanisha magamba. Mnyama alijifukia kidogo katika mchanga wa bahari isiyo na kina kirefu.

Tanzania

Kilima cha Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, ni maarufu kwa mifupa ya dinosau iliyochimbwa na msafara wa Wajerumani miaka 1909-1913. Tabaka zenye mifupa zinapishana na tabaka za mchanga wa bahari zenye magamba ya jamii hii. Kwa hiyo mahali hapo pamewahi kuwa ufukwe: bahari ilipanda na kushuka mara kadhaa. Visukuku vya bahari ndivyo vilivyosaidia kukadiria umri wa tabaka hizo, kuanzia mwisho wa Jura hadi mwanzo wa Kreta.

Vitabu vya zamani huita tabaka mbili "Trigonia smeei" na "Trigonia schwarzi". Spishi ya kwanza ilidhaniwa kuwa ile ya Kutch, Uhindi. Siku hizi huitwa *Indotrigonia africana*. Ya pili huwekwa katika *Rutitrigonia*. Anayesoma ramani za zamani akumbuke mabadiliko hayo.

Si kila mwamba una visukuku hivi. Miamba mingi ya Handeni na Korogwe ni ya metamofiki, ya kale zaidi kuliko moluska hao. Karibu na pwani, kama Amboni, kuna mawe ya chokaa ya Jura yaliyotokana na bahari.

Jamaa aliye hai

Familia yake ilidhaniwa kuwa imekwisha kabisa, hadi gamba la *Neotrigonia* lilipopatikana Tasmania mwaka 1802. Hadi leo spishi zake huishi katika bahari ya Australia tu.