Kabla Hujaruka, Pima Kina

Uti wa mgongo una pingili 33. Katikati yake umepita ugwe laini, mnene kama kidole cha mwisho, unaopeleka amri za ubongo mikononi, miguuni, kwenye kibofu na utumbo. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe ukikatika, mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha hili, na visa vingi vinazuilika.

Vijana wetu wanazijua hatari za kupanda bodaboda kwa mshikaki bila kofia ngumu, na za kuanguka mwembeni. Wasiyoambiwa ni hatari ya kujirusha majini kwa kichwa. Jioni maji yakijaa, vijana wa Forodhani, Unguja, huruka kutoka ukutani kwa furaha. Lakini kwenye mwambao huu, wakati wa bamvua, maji hupwa kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita hivi. Anayeruka bila kupima kina hugonga mchanga kwa utosi huku kiwiliwili kikiendelea kushuka, na uzito wote huishia shingoni, mara nyingi kwenye pingili ya tano au ya sita. Jeraha likiwa juu zaidi, hata pumzi huhitaji mashine. Kwa hiyo ingia kwanza kwa miguu, kila mara, hata pale ulipoogelea jana.

Somo la pili linahusu mikono yetu sisi wasamaria wema. Majeruhi hukamatwa mikono na miguu, akakunjwa na kupakiwa kwenye bajaji. Jeraha dogo likawa kubwa. Mwache alale, mmoja amshike kichwa kisitikisike, mwingine apige simu. Kama kuna moto au yumo majini, mtoeni huku kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja.

Marekani, mpango wa ThinkFirst umekuwa ukiwapeleka shuleni watu walioumia uti wa mgongo ili wazungumze na wanafunzi. Nasi tunao watu hao mitaani. Walimu wakuu, mwalikeni mmoja wao kabla ya likizo ijayo, mlipieni nauli, na mumpe kipindi kizima.