Adapta Hubadili Umbo, Haitafsiri Lugha

Aliyeletewa pasi na ndugu yake kutoka Marekani anaijua hasara hii. Hununua adapta dukani ili zile pini mbili bapa ziingie kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa, huwasha, na punde chumba kizima hunuka plastiki iliyoungua. Adapta haikukosea, kwani pini ziliingia. Lakini pasi ilitengenezwa kwa volti 120, na ukutani kulikuwa na karibu maradufu yake.

Kwenye magari ya umeme, swali hilohilo, kama plagi kuingia kunatosha, limekuwa kubwa huko Marekani kwenyewe. Tesla ilifungua vituo vyake vya kwanza vya kuchaji haraka, Supercharger, mwaka 2012 jimboni California, kwa ajili ya magari yake tu. Kampuni nyingine nyingi zikashika plagi iitwayo CCS. Novemba 2022 Tesla iliweka wazi michoro ya plagi yake ili yeyote aitumie, ikaipa jina la NACS. Mei 2023 Ford ikatangaza mapatano nayo, ikiwaahidi wateja wake chaja zaidi ya 12,000 nchini Marekani na Canada. General Motors ikafuata mwezi Juni. Mwishoni mwa Februari 2024 magari ya Ford yakaanza kuchaji kwa Tesla, kwa msaada wa adapta: upande mmoja unapokea plagi ya NACS, wa pili unaingia kwenye tundu la CCS la gari.

Ndani ya adapta hiyo hakuna kompyuta. Mna njia za shaba za kupitisha umeme, nyaya nyembamba za mawasiliano, na kinga dhidi ya joto. Kazi ya kufikiri inabaki kwa gari na chaja, ambazo huzungumza kabla umeme mkubwa haujapita: betri ina volti ngapi, inahimili mkondo kiasi gani, na ikatwe lini. Zisipoelewana, hakuna kinachopita.

Ndiyo maana Ford hiyohiyo hupokelewa kwenye kituo kimoja cha Tesla na kukataliwa kwenye kingine. Chaja za toleo la V3, zilizoanza kufungwa mwaka 2019 na kufikia kilowati 250, huzungumza pia lugha ya CCS. Zile za V2, zenye kilowati 150, zinajua lugha ya Tesla peke yake. Plagi itaingia vizuri, adapta itakaza, na gari litabaki kimya.

Lugha zikitofautiana kabisa, adapta ya shaba tupu haitoshi. Nissan Leaf zilizotumika Japani, ambazo nyingine huishia kwenye barabara za Kenya, zina tundu la CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T. Lugha za mifumo hiyo miwili si ile ya CCS, kwa hiyo adapta ya kuchaji haraka hapo hulazimika kuwa na kompyuta ndogo inayotafsiri pande zote mbili, na programu yake huhitaji kusasishwa kama ya simu. Kuchaji polepole kwa umeme wa AC ni rahisi zaidi, kwa kuwa mazungumzo yake ni mafupi.

Hapo kwenye AC ya polepole na DC ya haraka ndipo penye hatari kubwa. Plagi ya NACS hupitisha aina zote mbili za umeme kwenye pini zilezile mbili nene. Kwa hiyo zipo adapta za AC, za chaja ya nyumbani au hotelini, na zipo za DC, za vituo vya kuchaji haraka. Kwa mbali zinafanana, lakini ile ya AC haikuundwa kubeba mzigo wa Supercharger.

Mzigo wenyewe si mdogo. Kila pini inapogusana na nyingine pana ukinzani kidogo, na adapta huongeza sehemu za kugusana. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Chukua ukinzani wa sehemu mbili tu kati ya elfu kumi za ohmu: kwa ampea 500 hutoa wati 50 za joto, katika kifaa kinachoshikwa mkononi. Vumbi, kutu au pini iliyolegea huzidisha ukinzani huo. Hata watengenezaji wakubwa huteleza: Oktoba 2024 Ford iliwataka wateja waache kutumia baadhi ya adapta ilizowapa, ikieleza kwamba baada ya muda zingeweza kupunguza kasi ya kuchaji na pengine kuharibu tundu la gari.

Tatizo lingine ni urefu wa kebo. Tesla ilipima kebo zake fupi kwa gari lenye tundu nyuma kushoto. Pikapu ya F-150 Lightning ina tundu mbele kushoto, hivyo dereva wake mara nyingi huegesha kwa namna inayoziba nafasi ya jirani.

Sasa magari mapya yanakuja na tundu la NACS kutoka kiwandani, na bado adapta haijastaafu. Hyundai Ioniq 5 ya 2025 ina betri ya volti nyingi kuliko zile ambazo V3 inaweza kutoa. Kwa hesabu za Hyundai yenyewe, kutoka asilimia 10 hadi 80 huchukua kama dakika 30 kwenye V3, lakini dakika 20 kwenye chaja ya CCS ya kilowati 350, kwa kupachika adapta iliyogeuzwa upande.

Leaf ya 2026 ya soko la Marekani imeachana na CHAdeMO na ina matundu mawili: NACS upande mmoja, kwa DC tu, na J1772 upande wa pili, kwa AC. Mwenye chaja ya Tesla nyumbani akiichomeka kwenye tundu la NACS linaloifaa kwa umbo, gari halitachaji. Itambidi azunguke upande wa pili, akiwa na adapta mkononi.