Kilo za serise zinaongezeka: ni wizi, ni mashini, ao ni kawaida?

Kwa kila loti inayotoka kwenye meza za kukaushia, koperative inauliza: tumetumia kilo ngapi za serise kwa kupata kilo 1 ya parche? Kwa kawaida ni karibu 5. Leo 5,1, kesho 5,3, na tayari wanamemba wanaanza kumwangalia mpimaji kwa jicho baya. Tunaona watu wanagombana bure juu ya 5,3, kisha siku mashini inaharibika kweli, hakuna anayeshituka.

Hesabu haziwezi kulingana kila siku. Serise za bondeni na za mlimani hazitoi sawasawa, na mvua nayo iko na mambo yake. Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart, kwenye kampuni ya vyombo vya telefone, alichora karatasi ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida na yale yenye sababu ya pekee. Kwetu kaye na kalamu vinatosha.

Tuseme loti 10 zilitoa: 5,0; 5,2; 4,9; 5,1; 5,3; 5,1; 5,2; 4,9; 5,1; 5,2. Wastani ni 5,1. Sasa angalieni tofauti kati ya kila loti na ile iliyoitangulia: 0,2, kisha 0,3, na kuendelea. Wastani wa tofauti hizo ni 0,2. Zidisha mara 2,66, unapata karibu 0,5. Chora mstari wa katikati kwenye 5,1, wa juu kwenye 5,6, wa chini kwenye 4,6. (Loti 10 ni za mfano; 20 njo bora.) Mistari hiyo inatoka kwa kazi yenu yenyewe, hapana kwa mapenzi ya jera. Msiisogeze juu ya kufurahisha komite.

Basi 5,3 haina kesi. Muache mpimaji afanye kazi yake. Lakini 5,8 ikitokea, tafuteni siku ile ile: tulipokea serise mbichi ao zenye kuelea? Mashini ya kumenya inatupa mbegu pamoja na maganda? Balanse iko sawa? Wizi pia uulizwe, lakini kisha ya hayo.

Alama 8 zikifuatana zote juu ya mstari wa katikati, hata kama hakuna iliyovuka 5,6, kuna kitu kimebadilika polepole, kwa mfano mashini iliyolegea.

Chini ya 4,6 wengi wanashangilia. Sisi hapana: pengine parche ingali na maji, njo maana inapima zaidi. Pimeni unyevu kabla ya kufunga mifuko. Ukipita 12 %, kahawa irudi mezani.