Malimbikizo ya 1918: Hati za Mishahara ya Askari na Hesabu ya Riba

Hati ya mshahara wa askari ni karatasi ya deni. Hutolewa pale jeshi linapokiri kwamba mtu amefanya kazi yake, ila sanduku la fedha ni tupu. Huwa na jina la anayedai, kiasi anachodai na sahihi ya ofisa aliyehesabu. Haifanani na hati fungani za vita, ambazo serikali huwauzia wenye fedha kwa ahadi ya riba ya kila mwaka. Mwenye hati fungani amekopesha kwa hiari na kwa masharti aliyoyasoma. Askari hakuulizwa, amekopesha jasho lake. Zipo nchi zilizojaribu kuyaunganisha mambo haya mawili. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani, askari walipewa hati zenye riba ya asilimia 6, lakini wengi waliziuza kwa bei ya kutupa kabla ya sheria ya mwaka 1790 kuzipa thamani, na faida ikawaendea walanguzi.

Afrika Mashariki ina kisa chake, na sehemu yake imepita Njombe. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Kijerumani la hapa lilitegemea askari Waafrika waliokuwa na vyeo vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, sol, efendi. Katikati ya mwaka 1916 Jenerali Edward Northey wa Uingereza aliingia kutoka Nyasaland, akaishika Tukuyu, kisha Njombe, akapigana Malangali mwezi Julai na kufika Iringa mwishoni mwa Agosti. Miezi michache baadaye vikosi vya Wajerumani vilivyotoka Tabora vilishuka huku huku, na Novemba kimoja kikasalimu amri Ilembula, magharibi ya ilipo Makambako ya leo. Kwa hiyo wilaya moja ilitoa watu kwa pande zote mbili, na kijiji kimoja kingeweza kuwa na mzee anayewadai Wajerumani na jirani yake anayewadai Waingereza. Atafutaye nyaraka za familia aanzie hapo, kwa kujua babu alimfanyia nani kazi, kwa sababu madaftari ya pande hizo hayakukutana kamwe.

Mishahara ya upande wa Wajerumani ilihesabiwa kwa rupia. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu hela. Rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20. Meli za Uingereza zilipoufunga mwambao, fedha kutoka Ulaya ikakatika. Noti za muda zikachapwa humu humu nchini, na karakana ya reli ya Tabora ikageuka kiwanda cha sarafu za shaba, na mwaka 1916 za dhahabu ya rupia 15 pia. Kufikia 1917 jeshi lilikuwa linapiga chapa noti za porini kwa mihuri ya mpira. Baada ya hapo hata noti hizo hazikutosha. Vikosi vilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mshahara ukabaki kuwa mstari katika daftari la kombania.

Mwishoni mwa Septemba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo la Kijerumani, alirudi kaskazini ya Ruvuma, akapita Songea na kufika Ubena, yaani eneo la Njombe, katikati ya Oktoba. Hapo alimwacha Jenerali Kurt Wahle aliyekuwa mgonjwa, pamoja na wagonjwa wengine, akaendelea kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Habari za kusimamishwa kwa vita huko Ulaya zilimkuta mtoni Chambezi, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi. Alibaki na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100, mbali na wapagazi. Katika kumbukumbu zake ameandika kwamba malimbikizo yote yalikuwa kama rupia milioni 1.5, yaani marki milioni 2 kwa bei ya kabla ya vita. Aliwaomba Waingereza watangulize fedha hizo, akaambiwa jambo linafikiriwa. Alipeleka simu Berlin, haikujibiwa. Kilichobaki ni kuandika orodha za malimbikizo na kumpa kila askari na mpagazi hati yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo wengi walipopotelea. Orodha iliandikwa mwisho wa safari, ikawahusu waliofika mwisho. Wangoni kadhaa waliondoka walipokaribia kwao Songea. Askari aliyetekwa mwaka 1916, mpagazi aliyeachwa na homa njiani, aliyeugua akabaki Ubena: hakuna kati ya hawa aliyekuwepo wakati kalamu ilipowekwa kwenye karatasi ya Novemba 1918. Rugaruga, wapiganaji wasaidizi waliokusanywa kwa muda, walikuwa na nafasi ndogo zaidi. Kukosa hati si ushahidi kwamba mtu hakutumikia. Kosa hilo hufanywa mno na wanaosoma nyaraka kwa haraka.

Swali la pili ni nani hasa mdaiwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 257, ulisema kwamba makoloni ya Ujerumani yatakayowekwa chini ya udhamini, pamoja na dola zitakazoyasimamia, hayatabeba sehemu yoyote ya deni la Ujerumani. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo hati ya askari haikuwa na mlango wa kubisha katika boma la Njombe wala Dar es Salaam. Mlango ulikuwa Berlin. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa safi zaidi. Wapagazi waliowaandikisha walikufa zaidi ya 40,000, mishahara ya wengi wao ikabaki bila mwenyewe, na mabishano juu ya fedha hizo yaliendelea miaka mingi baada ya vita. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Deni lisilo na riba huliwa na wakati. Tuchukue mfano wa hesabu tu: rupia 100 za mwaka 1918, kwa riba ya kawaida ya asilimia 5, zingekuwa 330 baada ya miaka 46, kwa riba inayozaa riba zingepita 940. Bila riba zinabaki 100 zile zile, na fedha yenyewe ikiporomoka, hata 100 hizo ni jina. Ndivyo ilivyokuwa. Rupia iliondoka Tanganyika, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Huko Ujerumani marki ya karatasi ilianguka hadi mwaka 1923 marki trilioni moja zikabadilishwa kwa marki mpya moja. Hata raia wa Kijerumani walionunua hati fungani za vita zenye riba ya asilimia 5 waliumia: sheria ya mwaka 1925 iligeuza kila marki 100 zao kuwa marki 2 na nusu. Uingereza ilienda taratibu zaidi. Mwaka 1932 iliishusha riba ya mkopo wake wa vita kutoka asilimia 5 hadi 3.5, ikaendelea kuilipa, na ikamaliza deni lenyewe mwezi Machi 2015. Mkopeshaji wa London alipata riba karibu karne nzima. Mpagazi wa Ubena hakuwa na kuponi ya kukata.

Kisa cha Bayume Mohamed Husen kinaonyesha jinsi karatasi ilivyofungiwa mlango. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia vitani akiwa mtoto pamoja na baba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Berlin, akadai Wizara ya Mambo ya Nje mishahara yao wawili. Alijibiwa kwamba muda umepita. Alibaki huko akifanya kazi za hoteli, kufundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu, hadi Wanazi walipomkamata mwaka 1941. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa askari waliokuwa hai bado. Kwa mujibu wa simulizi aliyoiandika Charles Miller katika kitabu chake cha mwaka 1974, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare. Mtu wa benki akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Kisa hiki hupendwa na kusimuliwa kwa kicheko, lakini kwa mtunza nyaraka ni habari ya aibu: baada ya miaka 46 dola lilikuwa linapima kumbukumbu za mikono na mabega kwa kukosa orodha. Tena Mwanza ni mwisho mwingine wa nchi kwa mzee wa Ukinga au Upangwa, na treni ya TAZARA ipitayo Makambako haikuwepo bado.

Leo nyaraka za utawala wa Kijerumani ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye mfululizo wa majalada yenye herufi G. Za Wizara ya Makoloni ziko Berlin, katika kumbukumbu za shirikisho, chini ya alama R 1001. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliteketea kwa mabomu huko Potsdam mwezi Aprili 1945. Msomaji ajiandae kwa tatizo la majina. Vijana wengi waliandikishwa kwa majina ya Kiislamu waliyoyapata jeshini, na karani wa Kijerumani aliandika alichosikia. Anayetafuta jina la ukoo peke yake anaweza kupita juu ya babu yake bila kumtambua. Kombania, cheo na mahali alipoandikishwa husaidia zaidi.

Ikiwa kwenye sanduku la nyumbani, Njombe, Lupembe au Makambako, kuna karatasi ya zamani yenye mhuri na maandishi ya Kijerumani, isipelekwe kwenye leminesheni, kwani joto na gundi huiharibu moja kwa moja. Ipigwe picha pande zote mbili, iwekwe ndani ya bahasha kavu, na jina la mwenyewe liandikwe kwenye bahasha, si juu ya hati.