Mtoto Aendaye Bwenini: Mambo Yasiyouzwa Dukani

Kila mwanzo wa mwaka, katika vituo vya mabasi vya Kenya, huonekana jambo lile lile. Masanduku ya chuma yaliyopakwa rangi hupangwa juu ya mabasi, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba hutiwa juu yake, na kando yake husimama mtoto aliyevaa sare mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja. Baba ana barua ya shule mkononi, naye anahesabu vitu kwa mara ya mwisho: ndoo, blanketi, kufuli, viatu vyeusi. Vyote vipo. Basi hudhani ya kwamba kazi yake imekwisha. Lakini sanduku hujazwa kwa siku moja na mtu ye yote aliye na fedha. Mambo ambayo mtoto atayahitaji zaidi hayauzwi dukani, nayo hutaka majuma mengi ya kuyazoea nyumbani kabla ya siku ya safari.

Jambo hili lafaa kuangaliwa zaidi sasa kwa sababu ya mabadiliko ya masomo. Chini ya utaratibu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto alimaliza miaka minane ya shule ya msingi, akafanya mtihani, kisha akaingia Kidato cha Kwanza. Mtihani wa mwisho wa namna hiyo ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa utaratibu mpya walifanya mtihani wa Gredi ya 9 kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari ya juu. Watoto wengi wa Gredi ya 9 husomea katika viwanja vile vile vya shule ya msingi iliyo karibu na kwao, na kila jioni hurudi kwa mama. Kwa hiyo usiku wa kwanza bwenini huwa ndio usiku wa kwanza wa maisha yao kulala kati ya wageni. Mtoto huyu ni mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko wale walioingia Kidato cha Kwanza, na watu wamwonapo amekuwa mrefu hudhani ya kwamba amekwisha kuwa na akili ya kujitunza. Kimo si ujuzi.

Wazee waliosoma zamani hupenda kusema kwamba wao walikwenda shule bila kufundishwa mambo haya, tena wakaishi vema. Ni kweli, lakini sababu yake yafaa kukumbukwa. Wakati Maseno ilipoanzishwa mwaka 1906, na Alliance kule Kikuyu mwaka 1926, shule zilikuwa chache na njia zilikuwa mbaya, hata mtoto hakuweza kusoma ila kwa kulala huko huko. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kuchunga mbuzi, kuchanja kuni, kuteka maji na kuamka kabla ya jua bila kuitwa. Aliingia bwenini akiijua kazi, akakosa kujua vitabu tu. Mtoto wa siku hizi, hasa wa karani akaaye mjini, huingia akivijua vitabu, bali shati lake halijui ni nani alifuaye.

Basi na aanze kwa kufua. Mwezi mmoja kabla ya kwenda, mzazi ampe beseni lake, kipande chake cha sabuni, na nguo zake zote, amwambie ya kwamba sabuni hiyo ni ya majuma matatu na hakuna nyingine. Juma la kwanza ataimaliza nusu, maana ataiacha ndani ya maji. Hilo ni somo jema, tena ni afadhali alipate nyumbani kuliko kwenda kuomba sabuni kwa mtoto wa watu. Aonyeshwe ya kuwa soksi hufuliwa kila jioni, si kila Jumamosi. Ya kuwa ukosi wa shati jeupe hupakwa sabuni na kulowekwa kwanza. Ya kuwa sweta haikamuliwi kama gunia. Na ya kuwa nguo huanikwa upande wa ndani ukiwa nje ili jua lisiifishe rangi. Kisha akae karibu na kamba mpaka nguo zikauke. Huenda mtoto akacheka kwa kuambiwa alinde shati, lakini akifika shuleni ataona ya kwamba kwenye kamba ya bweni nguo isiyolindwa hupata mwenyewe mwingine upesi sana. Jina lake liandikwe kwa wino usiotoka, au lishonwe kwa uzi, kwenye kila kitu: ukosi, pembe ya shuka, ndani ya kiatu, hata chini ya ndoo.

La pili ni kuamka. Shule nyingi za bweni hupiga kengele kabla ya mapambazuko, na mtoto hupewa dakika chache tu za kutandika, kuoga na kufika darasani. Wako watoto ambao tangu kuzaliwa hawajaamka ila kwa kuitwa na mama mara tatu, na mara ya nne kuvuliwa blanketi. Mtoto kama huyo na apewe saa ya kengele, wala asipewe simu, maana shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Kisha mama anyamaze. Akichelewa chai, na akose chai. Majuma mawili yatatosha. Katika majuma hayo hayo yafaa simu iwekwe kando kidogo kidogo, kwa sababu mtoto anayenyang'anywa simu siku ile ile anayoachana na ndugu zake hupata huzuni mbili kwa pamoja.

Habari za vitu vya kununua hazihitaji maneno mengi. Mzazi na afuate barua ya shule, asinunue kabla ya barua kufika, wala asitangulie kununua vitu vya fahari, maana kitu cha fahari huvuta macho ya wezi. Kufuli iwe na funguo mbili, mmoja wa mtoto na mmoja wa kuwekwa kwa mwalimu wa bweni. Msichana apewe sodo za kutosha muhula mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ilibadilishwa mwaka 2017 ili Serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, lakini si vema kungojea gari la sodo. Kuhusu fedha, mwaka 2018 Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa mwaka kuwa gharama ya masomo ya kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, ila chakula na malazi ya bweni hulipwa na mzazi. Fedha hizo zitiwe benki katika hesabu ya shule, zisipitie mkononi mwa mtu, na stakabadhi itunzwe.

Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, kama pumu au kifafa, ahitaji kazi zaidi. Haitoshi kuandika jina la ugonjwa katika karatasi ya daktari. Mtoto mwenyewe ajue jina la dawa yake, kiasi chake na saa zake, na aweze kuyasema bila mama kumsaidia. Mwalimu wa bweni na muuguzi waambiwe siku ya kwanza, uso kwa uso. Hapa wazazi wengine hukosa sana, kwa kuona haya kusema habari za kifafa, wakificha hata mtoto akaanguka usiku mbele ya watoto wasiojua la kufanya isipokuwa kukimbia.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawapendi kulitaja, nalo ni mateso ya wanafunzi wapya. Katika shule nyingi wanafunzi wa zamani wamekuwa na desturi ya kuwachezea wageni. Mengine ni mzaha tu, kama kuimbishwa wimbo juu ya meza, na mtoto mwenye moyo wa kucheka hupita salama. Lakini kupigwa, kunyang'anywa chakula, kufulishwa nguo za wakubwa usiku, au kuguswa kwa namna ya aibu, hayo si mzaha. Fimbo ya mwalimu yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi mwili au akili. Ikiwa mwalimu hana ruhusa ya kupiga, mwanafunzi wa kidato cha juu ameipata wapi? Mtoto na aambiwe tofauti hiyo waziwazi kabla ya kuondoka, kwa maneno yasiyofichwa, na baba asiseme kwamba kazi hiyo ni ya mama.

Tena apewe njia ya kusema. Mara nyingi mtoto hupiga simu ya shule huku wenzake wamesimama nyuma yake kwenye mstari, na pengine yule amtesaye ndiye wa pili. Atasema nini? Atasema, "Niko salama, baba." Kwa hiyo ni vizuri mzazi na mtoto wapatane neno lao mapema. Mathalan, mtoto akiuliza, "Je, yule mbuzi mweusi amekwisha kuzaa?" na nyumbani hakuna mbuzi mweusi, mzazi ajue kwamba anaitwa. Na akiitwa aende. Asijibu "Vumilia" kabla hajajua kile anachoambiwa mtoto akivumilie.

Si kila chozi ni la mateso, na mzazi mwenye busara hujifunza kupambanua. Huzuni ya kukumbuka nyumbani humpata karibu kila mtoto. Huja jioni zaidi kuliko mchana, humnyima hamu ya chakula, kisha hupungua apatapo rafiki na kuzoea kengele. Mtoto huyo asirudishwe nyumbani upesi. Bali blanketi linalopotea mara mbili, ombi la fedha lisilokuwa na maelezo, alama ya pigo inayosemekana kuwa ya mpira, au mtoto aliyekuwa msemaji akirudi kwa likizo fupi kama bubu, hizo ni dalili za jambo jingine.

Liko la mwisho, nalo ni zito. Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa katika moto wa bweni huko Bombolulu, pwani. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, wilayani Machakos. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule mwaka 2008, nacho chasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Mambo hayo hayahitaji fundi kuyapima. Mzazi akibeba godoro siku ya kwanza, na alibebe mpaka ndani ikiwa shule yaruhusu, aangalie madirisha, ausukume mlango aone wafunguka upande gani, na aulize kwa adabu ni nani akaaye na ufunguo wa bweni usiku. Mwalimu mwema hatachukizwa na swali hilo. Akichukizwa, mzazi amekwisha kujifunza kitu.

Na mtoto afundishwe hivi: usiku wa kwanza, kabla ya taa kuzimwa, ahesabu vitanda kutoka chake mpaka mlangoni, na mpaka mlango wa pili. Ayafumbe macho, atembee njia hiyo akigusa vitanda. Wenzake watacheka, na wacheke. Ikiwa moto utawaka, ataliacha sanduku na viatu vyake na barua zake zote, atoke. Aambiwe na baba yake mwenyewe kwamba hataulizwa habari za sanduku.

Siku ya kuagana isiwe ndefu. Mzazi anayekaa mpaka jioni akizunguka uwanjani humzuia mtoto asitafute wenzake, na machozi yaliyokuwa yawe ya dakika tano huwa ya saa tatu. Na arudipo likizo fupi asipokelewe na maswali ya alama za hesabu. Aulizwe kwanza ni nani alalaye kitanda cha juu yake, anatoka wapi, na kama hukoroma.